Siku Mboni Alipokwenda Dukani Peke Yake

Jina la Mboni alipewa na mama yake kabla hajapoteza macho. Alikuwa kitinda mimba, amekuja wakati mama alishakata tamaa ya kuzaa tena, na mama akawa anamwita mboni ya jicho lake mbele ya kila mtu, mpaka watu wakalifupisha. Alipofika miaka saba akaugua surua. Homa ilipoondoka, iliondoka na macho yote mawili. Shangazi zake wakamwambia mama, kwa upole kabisa, kwamba labda sasa lile jina liachwe, lisije likasikika kama kejeli. Mama akawauliza kama na mtoto naye aachwe. Habari hiyo haikuzungumzwa tena.

Sasa Mboni alikuwa mtu mzima, mwenye mvi ambazo aliambiwa tu kwamba anazo, na kazi yake ilikuwa kupokea simu katika hospitali kubwa ya mji wao. Chumba chake kilikuwa kidogo, ubavuni mwa mapokezi, kina kiti kinacholia mtu akikikalia na feni isiyotulia. Waliomjua kwa sauti hawakujua kwamba haoni. Waliomjua kwa sura walimwonea huruma. Yeye mwenyewe aliwajua madaktari wote kwa namna wanavyovuta pumzi kabla ya kusema halo. Gari la hospitali lilimchukua asubuhi na kumrudisha jioni, basi siku za kazi hazikumpa tabu.

Jumamosi ndiyo ilikuwa ya mama. Walikuwa wakiishi wawili tu, na kila Jumamosi walifunga safari ya madukani. Mama hakumwachia ashike kiwiko chake, kama wasioona wanavyofundishwa kuongozwa. Alimshika yeye kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama mtu aliyekamata mwizi. Mama ndiye aliyechagua mchele, sabuni, mafuta ya kupaka, gauni, hata kitana. Wauzaji nao walimuuliza mama: "Yeye anavaa saizi gani? Yeye atalipenda hili?" Mama akajibu bila kugeuka. Bei ikipanda, mama naye alipandisha sauti: "Mwanangu haoni, lakini hiyo bei yako hata yeye ameiona!" Duka zima likacheka, mwuzaji akapunguza, na Mboni akacheka pamoja nao. Alikuwa amekizoea kicheko kile kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Zamani, katika shule ya msingi, kwenye darasa la wasioona, mwalimu aliwahi kumpa fimbo nyeupe ya kutembelea. Mama alipokuja kumchukua langoni, akaipokea, akairudisha ofisini. "Fimbo ni ya kuchungia," akasema. "Huyu wangu hana mbuzi, na miguu yake mizima." Mboni alikuwa ameifurahia ile fimbo kwa asubuhi moja.  Mama alikuwa na mkono, na mkono ulitosha.

Ulitosha kwa miaka mingi sana, mpaka Jumamosi moja.

Siku hiyo walitoka kama kawaida. Mama alikuwa ameshaanza kuwa msahaulifu: chai ilitiwa sukari mara mbili, funguo zikapatikana ndani ya mtungi wa unga. Mboni aliona ni utu uzima tu, mama alikuwa amekula chumvi nyingi. Walipita kituo cha mafuta, wakavuka, wakakata kona. Halafu mama akasimama.

"Mbona tumesimama?" Mboni akauliza.

"Nangoja magari yapite."

Mboni akatega sikio. Hapakuwa na gari hata moja. Wakatembea tena, wakasimama tena. Chini ya miguu, sakafu ya barazani ikawa vumbi. Pakaanza kunuka mbao zilizopasuliwa na chuma kilichoungua, na mahali fulani mtu alikuwa akigonga nyundo. Katika maisha yake yote Mboni hakuwahi kupitishwa mahali hapo.

"Mama, duka liko wapi?"

"Wamelihamisha," mama akajibu kwa hasira. "Watu hawa hawana adabu. Wanahamisha duka bila kumwambia mtu."

Vidole vya mama vilikuwa vimelowa jasho. Mboni akasikia pumzi yake ikienda juu juu. Kisha sauti ya mama ikawa ndogo, ndogo kuliko alivyowahi kuisikia.

"Mboni. Hapa ni wapi?"

Hilo lilikuwa swali la Mboni. Yeye ndiye aliyeliuliza tangu utotoni, na mama ndiye aliyelijibu. Alisimama pale vumbini, roho juu, mkono wake umeshikwa na mtu aliyepotea, na hakujua hata upande wa kugeuzia uso. Mwishowe akapiga moyo konde, akaita kuelekea kwenye nyundo: "Jamani, habari za kazi! Tusaidieni!"

Nyundo ikanyamaza. Fundi wa kuchomelea akaja, ananuka moshi. Akamsalimia mama: "Shikamoo, bibi. Unampeleka wapi huyu dada?"

"Niulize mimi, kaka," Mboni akasema. "Leo niulize mimi. Tunataka kurudi barabara kubwa, kwenye kituo cha mafuta."

Fundi akawasindikiza mpaka wakasikia magari.  Walifika nyumbani mikono mitupu, na mama alipokwisha kukaa kitini akasema, "Usimwambie kaka yako."

Mboni hakumwambia kaka. Alimwambia daktari mmoja wa hospitali yao, akamwomba amwone mama, na daktari akamwona, akampima, akamuuliza ni mwaka gani na leo ni siku gani. Baadaye alikuja mwenyewe kwenye chumba cha simu badala ya kupiga, na Mboni akajua kabla hajafungua mdomo. Ulikuwa ule ugonjwa wa kusahau. Dawa ya kuuondoa haikuwapo. "Mwangalie asitoke peke yake," daktari akasema, halafu akakohoa, kwa maana alikuwa amekumbuka anamwambia nani amwangalie nani.

Hapo ndipo alipompigia kaka, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, mkandarasi wa barabara aliyekuwa akiishi mji wa mbali na mkewe na watoto. Kaka alisema atatafuta msichana wa kazi. Alisema hivyo kila alipopiga. Mchana jirani yao, fundi cherehani mwenye moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi, akawa anamweka mama kibarazani kwake kati ya vitambaa, akimpa vifungo avipange. Lakini chakula hakiji chenyewe nyumbani, na sabuni haitembei. Mboni akaenda kwenye chama cha wasioona, akaomba afundishwe fimbo.

Mwalimu wa fimbo alikuwa mwanamume mwenye maneno machache, naye haoni. Walikutana jioni, baada ya kazi. "Usihesabu hatua," alimwambia siku ya kwanza. "Ukihesabu, mtu akikusalimia tu umepotea. Sikiliza ukuta. Ukuta una sauti yake, na uwazi una yake." Mboni alidhani anatania. Siku za mwanzo aliigonga ndoo ya mchuuzi, akamwomba radhi mlingoti wa taa, akaingia kwa kinyozi akidhani ni duka la dawa, na wanaume wote mle ndani wakanyamaza mpaka mmoja akamuuliza kama anataka kunyoa ndevu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Hiki kilikuwa kicheko chake mwenyewe, hakikumbana popote.

Fimbo aliificha kwa fundi cherehani. Lakini mama alikuwa na siku zake njema, siku ambazo akili humrudia nzima nzima, na siku moja kama hiyo akaikuta nyuma ya mlango wa jirani. Akaja nayo nyumbani.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu, mama."

 Mboni akasikia vidole vya mama vikipita juu ya fimbo, kutoka mpini mpaka ncha.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Nilikuangusha lini? Hata siku moja niliwahi kukuangusha?"

"Hata siku moja, mama."

"Basi hii ya nini? Mimi ninakwenda wapi?"

Mboni alikuwa na majibu mengi. Mwalimu alikuwa amempa baadhi, mengine alijipangia mwenyewe akiwa kitandani.  Badala ya kuyatoa, alinyoosha mkono, mama akampa ile fimbo, akaingia chumbani na kufunga mlango taratibu. Kesho yake alikuwa amesahau. Mboni hakusahau.

Ikaja Jumamosi ya kwenda peke yake. Mwalimu alisema Mboni yuko tayari. Alingoja mama alale usingizi wake wa baada ya kunywa chai, fundi cherehani akaja na kazi yake akakaa sebuleni, na Mboni akatoka kwa kunyata kama mwizi nyumbani kwao. Hakumuaga. Angemuaga, mama angevaa viatu.

 Kwenye kivuko cha miguu kijana mmoja alimkamata bega akamvusha mbio, na alipofika ng'ambo ikabidi Mboni amshukuru, angoje aondoke, kisha arudi alikokuwa, kwa maana hakuwa akivuka. Lakini alifika. Alijua amefika kwa ile baridi ya mlangoni na harufu ya sabuni mpya. Msichana wa dukani akamjia, akasita. Mboni akasikia anatazama nyuma yake, anatafuta mwenzake wa kuulizwa.

"Niko peke yangu," Mboni akasema.

"Ah. Karibu, dada. Unataka nini?"

Hilo tu. Unataka nini. Mboni alikuwa na mvi kichwani na hakuna mwuzaji aliyewahi kumuuliza hivyo. Alinunua mchele, akaushika kwanza mkononi. Alinunua sabuni baada ya kunusa karibu zote, na msichana hakumharakisha. Kisha akasema anataka gauni. Msichana akauliza rangi. Mboni akafikiri. Rangi alizokuwa nazo kichwani zilikuwa za mtoto wa miaka saba, na baadhi zilikwisha kufifia.

"Njano," akasema. "Ya kiini cha yai."

"Itawaka sana, dada."

"Iwake."

Akamnunulia na mama viatu laini vya nyumbani vyenye manyoya ndani, akiingiza mkono katika kila jozi mpaka akapata iliyomridhisha. Kisha akafanya jambo ambalo hakulipanga. Palikuwa na benchi nje ya duka, juani, na mtu anauza soda. Akanunua soda, akakaa. Hakuwa na shida ya kukaa. Alikaa kwa sababu hakuna aliyemwambia ainuke. Alisikiliza watu wakipita, akainywa soda polepole mpaka tone la mwisho, na kwa muda wote ule hakumkumbuka mama.

Alipokaribia nyumbani alimsikia fundi cherehani kabla hajafika langoni. Alikuwa akilia.

Mteja alikuwa amekuja kuchukua nguo yake. Fundi alivuka tu kwake kumtolea, akakaa kidogo, wakapiga soga kidogo. Aliporudi, mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mtoto wa jirani alimwona bibi akipita, hana viatu, anakwenda kwa haraka, anauliza kila mtu: "Mmemwona mwanangu? Ametoka peke yake. Haoni."

Mboni aliweka chini mfuko. Sauti yake haikutetemeka. Sauti ndiyo ilikuwa kazi yake. Akapiga simu polisi. Akapiga mapokezi ya hospitali, akapiga kwenye maduka, akampigia yule msichana wa dukani. Fundi akazunguka mitaa na watoto wote wa mtaa. Jua likaanza kulegea. Mwishowe mwenzake wa zamu hospitalini akampigia. Mlinzi wa shule moja ya msingi alikuwa amempata bibi mmoja langoni, na kitu pekee alichoweza kumtoa kinywani ni jina la hospitali. Ilikuwa ile shule aliyosoma Mboni utotoni. Mbali sana kwa miguu ya mzee.

Mboni alichukua teksi. Fundi alitaka kwenda naye, akamwambia abaki, mama asije akarudi kwa njia nyingine. Aliposhuka alisikia sauti ya mama toka ng'ambo ya barabara, imekauka.

"Kengele imeshalia. Kwa nini hamumtoi?"

"Leo Jumamosi, bibi," mlinzi alikuwa akijibu, na ilidhihirika kwamba amejibu hivyo mara nyingi. "Watoto hawapo."

"Mama," Mboni akaita. "Mama, ni mimi. Mboni."

 Akausikia uso wa mama ukimgeukia, kama mtu anavyosikia mlango ukifunguliwa. Akasogea na fimbo yake, tap, tap, mpaka akamfikia, akamgusa bega. Mama akajitoa.

"Mboni wangu ni mdogo," mama akasema, kwa adabu, kama mtu anayemsahihisha mgeni. "Haoni. Hawezi kutembea peke yake. Wewe dada ni mtu mzima, una fimbo yako."

Mlinzi akakohoa. Mboni akasimama, na kilichompita kifuani hakukipatia jina, siku ile wala baadaye. Angeweza kubishana. Angeweza kumshika mkono kwa nguvu, kama alivyoshikwa yeye. Badala yake akasema, "Namjua huyo mtoto. Twende tukamtafute pamoja."

"Unamjua?"

"Namjua vizuri."

Mama akafikiri. Kisha akakubali, akamshika mkono. Teksi ilikuwa imeegeshwa mbele kidogo, na wakaenda taratibu kwa sababu miguu ya mama ilikuwa imechubuka. Njiani mama akamweleza habari za mtoto, ili amtambue akimwona. Amevaa gauni la shule. Ana kovu kwenye goti. Anapenda kuimba akiwa chooni.

"Anaogopa magari?" Mboni akauliza.

"Yule? Haogopi kitu. Mimi ndiye..." Pikipiki ikapita kwa kishindo, mama akamkaza mkono mpaka mifupa ikauma. Ilipokwisha kupita, alikuwa amesahau alichotaka kusema.

Kaka alikuja baada ya siku mbili. Wakati huo mama alikuwa amelazwa, vidonda vya miguu vimepata uchafu na homa imepanda. Kaka alisimama kwenye ukumbi wa wodi akauliza, si kwa kelele, ila kila neno peke yake: "Ulikwenda kununua nini cha maana hivyo?"

Mboni alikuwa na jibu: mchele, sabuni, gauni la njano. Hakulitoa. Na soda hakuitaja kwa mtu yeyote.

Mama alipotoka hospitali kaka akamchukua kwake. Alikuwa na mke nyumbani, na mabinti wawili wakubwa, na lango linalofungwa. Lilikuwa jambo la busara na Mboni alijua hivyo, na aliwafungia mizigo mwenyewe. Siku ya kuondoka mama aliingia garini akiwa amevaa vile viatu vya manyoya. Alimsalimia Mboni kwa upole, akamshukuru kwa ukarimu wake.

Tangu hapo walikutana kwa simu tu. Jioni, kabla ya gari la hospitali kuja, Mboni alipiga, mke wa kaka akamwekea mama simu sikioni. Mwanzoni mama aliuliza swali moja kila siku:

"Umempata yule mtoto?"

"Bado, mama. Tunamtafuta."

Mama akalia. Ikawa hivyo siku nyingi, mpaka jioni moja Mboni akashindwa.

"Umempata?"

"Nimempata, mama. Yuko hapa kwangu."

Akasikia pumzi ndefu upande wa pili. "Anakula?"

"Anakula vizuri."

"Usimwache avuke barabara peke yake."

"Sitamwacha," Mboni akasema. Ilikuwa Jumamosi, alikuwa na zamu ya mchana, na asubuhi ile ile alikuwa amevuka barabara nne akienda dukani.

Mama alifariki alfajiri moja, miezi si mingi baadaye. Kaka alisema atatuma mtu amfuate. Mboni akakataa, akaenda stendi mwenyewe, akakata tiketi, akapanda basi la mapema. Alikuwa amevaa gauni la njano kwa sababu ndilo alilojichagulia, na hakujua avae lipi jingine. Mwanamke wa kiti cha pembeni alimtazama, akamuuliza anasafiri na nani.

"Peke yangu."

"Peke yako, mwendo wote huu! Hongera, dada. Kweli hongera. Nyumbani lazima wanajivunia."

Mboni akasema asante. Akageuzia uso dirishani, kama wafanyavyo watu wanaotazama nje, akalia bila sauti mpaka basi lilipoanza kupanda milima.

Kaka alimpokea stendi. Hakumgusa, alisimama tu karibu na kusema, "Niko hapa, upande wa kulia," na Mboni akatambua kwamba kuna mtu alikwenda kuuliza jinsi ya kumwongoza asiyeona. Walikwenda hatua kadhaa kabla kaka hajasema tena.

"Siku za mwisho hakutujua hata mmoja," akasema. "Lakini alikuwa akisema kuna mwanamke wa kwenye simu. Anasema huyo ndiye anayekaa na Mboni wake, mtu mwema, ana sauti nzuri. Alinituma nimshukuru." Akasimama. "Basi nakushukuru."

Mboni naye alisimama katikati ya stendi, watu wakiwapita na mizigo yao.  Kaka akangoja. Kisha Mboni akanyoosha mkono, akakitafuta kiwiko cha kaka, akakishika, wakaenda kumzika mama yao.